Siku Waliponiona Bila Kunisikia

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia nikitoa mahamri ya mwisho kwenye karai. Nilijifuta mikono kwenye kikoi, nikausikiliza nikiwa nimesimama, kisha nikavuta kigoda nikausikiliza tena.

"Kaka, shikamoo. Sheikh wa huku amekubali. Ndoa ni Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, kwenu itakuwa alasiri. Lakini anataka akuone kwa macho yake na akusikie kwa masikio yake, na mashahidi wakusikie. Nimekutumia anwani ya ukurasa wa msikiti, ufungue kwenye simu ujaribu mapema. Kaka, usiponisimamia wewe ataniozesha yeye, kama mwanamke asiye na wali. Sitaki. Sitaki kuolewa kama niliyeokotwa njiani."

Mimi ndiye wali wake, msimamizi wake wa ndoa. Baba alitangulia, babu alikuwa keshatangulia kabla yake, na katika watoto watatu wa tumbo la mama, mwanamume ni mimi peke yangu. Mama naye alipofariki nilikuwa sijamaliza darasa la nane. Alituachia vyumba viwili hapa Malindi, karai, kinu cha nazi na wateja wa asubuhi. Nilivua sare ya shule nikaanza kukanda unga. Wadogo zangu wawili nikawalea kwa mahamri na mbaazi, na watu wakazoea kumwona mvulana amekaa jikoni mahali pa mamake. Wa pili nilimwozesha kwa mkono wangu, yuko Magarini. Huyu wa mwisho alisoma uuguzi, akapata kazi Uingereza, akaondoka. Kila nikimsindikiza mmoja, nilipunguza unga wa chakula cha nyumbani, na sasa nakaanga yangu mwenyewe katika yale ya kuuza, kwa sababu mtu mmoja hapikiwi peke yake.

Nilibonyeza anwani aliyonitumia. Ukurasa ukageuka mweupe, ukaandika kwamba kivinjari changu ni cha zamani na hakitumiki tena. Nikarudia, ukaandika yaleyale. Kuna ukatili fulani katika kuambiwa hivyo na kitu kisichokujua. Simu ile nilikuwa nayo tangu mdogo wangu alipokuwa chuoni, na kwa kazi zangu ilinitosha: kupigiwa na wateja wa harusi, kupokea sauti zake, kutazama nyakati za sala. Sikuwa nimewahi kujiuliza ni mlango gani ndani yake unaonipeleka huko kwingine.

Nikaenda kwa fundi wa simu karibu na soko. Ni mtu wa maneno mengi, hawezi kufungua kifuniko cha simu bila kwanza kumfungua mwenye simu.

"Mzee wa mahamri," alisema, "leo umeniletea nini? Umeitumbukiza karaini?"

"Haijatumbukia. Inakataa kufungua ukurasa."

Akaitazama, akacheka kwa pua. "Hii brauza ni ya zama za Nuhu. Si kwamba imeharibika. Dunia imehama, yeye amebaki."

"Basi irekebishe."

"Hairekebishiki, inaachwa. Nakuwekea mpya." Akawa anabonyeza huku akiendelea. "Unataka kuangalia nini wewe? Usiniambie umepata mchumba wa mtandaoni."

"Namwozesha mdogo wangu."

Hapo akaacha kubonyeza. Akaniuliza wapi, nikamwambia. Akaniuliza nani atakuwa nami siku hiyo, nikamwambia Mungu. Akanirudishia simu, kwenye kioo kuna duara la rangi ambalo halikuwapo.

"Nimekupandishia. Yaliyobaki itakuuliza yenyewe, na imekuja na Kiswahili, kwa hiyo huna kisingizio. Wewe jibu tu."

Malipo aliyakataa. Alitaka mahamri ya kesho yake, na yawe yenye iliki ya kutosha.

Nyumbani nilikaa barazani, nikaligusa lile duara. Kilichotokea kwanza ni neno Karibu, limeandikwa kubwa katikati ya weupe mtupu. Nilibaki nikilitazama. Ilikuwa imepita muda tangu neno hilo niambiwe mimi badala ya kulisema. Chini yake kulikuwa na kitufe cha Endelea.

Likaja swali la kwanza: ningependa kuingia katika akaunti? Akaunti hiyo alinifungulia mdogo wangu alipokuwa chuoni, tukiitumia sote wawili. Nikaandika neno la siri alilonifundisha. Kivinjari kikafikiri kidogo, kisha kikaniambia alamisho zangu ziko tayari. Sikujua nina alamisho. Nilipozifungua nilizikuta ni zake, zile kurasa alizoziwekea alama ili azirudie: majina ya mifupa ya mkono, namna ya kupima shinikizo la damu, dawa ya chunusi, hali ya hewa ya mji ambao wakati ule alikuwa hajaufika. Ile ya hali ya hewa niliigusa. Kule kulikuwa na mvua. Nilikaa nayo mpaka kioo kikazima chenyewe.

Maswali yakaendelea. Je, kiwe ndicho kivinjari changu cha kawaida? Nikakubali, maana hakukuwa na kingine cha kushindana nacho. Je, kiniletee arifa? Hapana. Je, kijue mahali nilipo? Hapana. Mtu hajakaa hata kitako, anauliza unalala chumba gani.

Lazima nieleze kidogo hapa, kwa sababu kilichotokea baadaye kilitoka kwenye tabia hii. Baada ya mazishi ya mama, ndugu zetu walikuja kwa zamu. Hawakuwa watu wabaya. Lakini kila aliyekuja aliangalia jikoni, akawauliza wadogo zangu wamekula nini, na akiondoka alikuwa na lake la kusema: huyu mdogo akakae Kilifi, yule mwingine apelekwe Lamu, mkubwa abaki na karai lake. Niliona kwamba nikiwaonyesha shida yetu nitanyang'anywa wadogo zangu. Nikajifunza kusimama mlangoni. Tumekula? Tumekula, alhamdulillahi. Mnahitaji chochote? Hatuhitaji, twashukuru. Wakati mwingine tulikuwa tumekula kweli. Wadogo zangu niliwafundisha kwamba ya ndani hayatoki nje, na waliyashika hayo kuliko masomo. Hatukutenganishwa. Ila tabia hiyo imenibakia mwilini, kama mgongo unaozoea kuinama. Mtu akitaka kuona au kusikia ya nyumba yangu, jibu linatoka kabla sijalifikiria.

Basi nilipofungua anwani ya msikiti, ukurasa ukakubali, nikafurahi. Ukatokea na ukuta wake wa buluu, na mara kikachomoza kijisanduku: ukurasa huu unaomba kutumia maikrofoni yako. Ruhusu. Zuia.

Kidole changu kilibonyeza Zuia bila kunishauri. Na nilipolifikiria nikaona nimefanya sawa. Mimi nikipiga simu nasikika siku zote, sijawahi kuombwa ruhusa na mtu. Huyu anayeomba kusikia ni mwingine, mtu nisiyemjua.

Kikachomoza cha pili, sasa kinaomba kamera. Jirani yangu ndipo alipopiga hodi. Ni bibi wa nyumba ya pili, aliyekuwa rafiki wa mama, na hodi yake huwa inaingia pamoja naye.

"Waombwa nini tena?" akauliza, shingo juu ya bega langu.

"Wataka kutumia kamera."

"Sasa sheikh atakuona kwa lipi, kwa ndoto? Wape."

Nikabonyeza Ruhusu. Kioo kikajaa uso wangu. Tuliutazama wote wawili.

"Umezeeka, mwanangu," akasema.

"Ni mwanga wa hapa, bibi."

"Si mwanga. Nawe ungeoa zamani, ukawa na wa kukuambia pole pole. Sasa waambiwa nami kwa ghafla."

Chini ya uso wangu paliandikwa kwamba mkutano bado haujaanza, nisubiri mwenyeji anikubalie. Hakukuwa na mwenyeji. Nikaona jaribio limefaulu, nikamtumia mdogo wangu ujumbe: kimefunguka, najiona.

Jumamosi sikukaanga. Nilioga, nikavaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono aliyoacha baba. Nilifukiza ubani chumba cha mbele, nikapika pilau ya sufuria ndogo, nikatandika mkeka mzuri. Mdogo wangu wa Magarini alikuwa katika arubaini yake, mtoto ndio kwanza amezaliwa, hakuweza kutoka. Wajomba walisema wako nasi kwa dua. Bibi jirani alikuja na leso mpya, akakaa kwenye kiti kwa sababu ya magoti. Mbele yetu niliweka stuli, juu yake kopo la unga, na simu nikaiegemeza kwenye kopo.

Wakati ulipofika niliugusa ukurasa, mwenyeji akanikubalia, na chumba cha watu kikafunguka mbele yangu. Kulikuwa na zulia jekundu na meza. Sheikh alikuwa mzee mwembamba mwenye koti juu ya kanzu. Bwana harusi, kijana wa watu wa Mombasa aliyezaliwa hukohuko, alikaa mbele yake mikono magotini. Mashahidi walikuwa pembeni, na upande wa pili wanawake. Katikati yao mdogo wangu, hina mpaka kwenye vifundo, na mtandio wa dhahabu. Alikuwa amenenepa kidogo. Hilo sauti zake hazikuwa zimeniambia.

"Assalamu alaykum," nikasema.

Sheikh akaikaribia kompyuta yao iliyokuwa mezani. "Assalamu alaykum, ndugu yetu. Watusikia?"

"Wa alaykumu salaam. Nawasikia vyema."

"Ndugu yetu, watusikia?"

"Nawasikia, sheikh."

Akageuka kwa wenzake. "Midomo yaenda, sauti haiji."

Nikapandisha sauti. Nikapaza mpaka kuku wa nyumba ya nyuma wakashtuka. Niliisogeza simu mdomoni, wakaona meno yangu, mtoto mmoja akacheka. Nikainua mkono kuwaonyesha sikio langu: nawasikia. Hilo walilielewa. Nilisikia kila kitu, hata kijiko kilichoanguka mahali fulani, hata mtu akikohoa.

Nilisikia pia mwanamume mmoja nyuma akisema, kwa sauti ya mtu anayesaidia, "Sheikh, ukumbi tuna saa moja tu. Mwenyewe unaweza kumwozesha kama hana wali. Huyu kaka ataona, itamtosha."

Sheikh akajishika ndevu. "Nikikosa kumsikia, ndivyo itakavyokuwa."

Sijui kama nimewahi kuwa peke yangu namna ile. Nilipozika baba na nilipozika mama kulikuwa na watu wa kushika jeneza upande wa pili. Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya watu zaidi ya ishirini wanaonitazama usoni, natamka jina la mdogo wangu, na kwao mimi ni picha. Nilitazama upande wa wanawake. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama anavyopaswa bibi harusi. Nikadhani amekubali.

Kisha akanyanyuka. Wanawake walimvuta nguo akae, akaitoa mikononi mwao taratibu.

"Sheikh, niwie radhi," alisema. "Ana wali. Yule pale, amevaa kofia ya baba. Siolewi mpaka asikike."

"Mwanangu, wakati..."

"Basi wakati na upite."

Akaja mpaka kwenye meza, uso wake ukajaza kioo changu. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo na nimekosea hesabu ya daftari lake. Aliinama akaandika, na chini ya kioo changu maneno yakatokea moja moja.

Kaka, ulipofungua kilikuomba maikrofoni?

Nikatikisa kichwa kukubali.

Ukajibu nini?

Nilishindwa nionyesheje. Nikafanya kwa kiganja, kama mtu anayesukuma mlango ufungike.

Akaniangalia. Kisha akacheka, machozi yakiwa bado yapo, mkono wa hina mdomoni. Katika ukumbi mzima ni yeye peke yake aliyejua kwa nini mtu angejibu hivyo. Akaandika tena. Hakitakuuliza mara ya pili. Angalia juu kabisa, kando ya anwani kuna alama. Iguse.

Vidole vyangu vimeungua mafuta miaka mingi, kioo hakivisikii mara moja. Niligusa, nikagusa tena. Orodha ikashuka. Ruhusa, iliandikwa. Nikagusa hapo. Maikrofoni: imezuiwa.

Iguse uigeuze, akaandika. Pole pole, kaka. Niko hapa.

Bibi jirani kwa muda wote huo hakuwa amenyamaza, alikuwa akiwajadili watu wa kwenye kioo mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nimeacha kumsikiliza. Niligeuza, na sauti ya kwanza ya Malindi iliyoingia ukumbini ilikuwa yake.

"Na yule bwana harusi mbona mwembamba hivi? Huko hawali?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Bwana harusi akaficha uso. Bibi akashika mdomo kwa leso, akaninong'oneza kwamba ni mimi niliyemponza, na hilo nalo wakalisikia.

"Tunakula, bibi," bwana harusi akajibu. "Ila sasa nitakula vizuri zaidi, inshallah."

"Inshallah, babangu. Anajua kupika. Amefunzwa na huyu."

Sheikh akangoja watulie. Akawaambia mashahidi wasogee, wakasogea mpaka nikaona kifungo kilichokosekana kwenye koti la mmoja. Akaniuliza mimi ni nani wa bibi harusi. Nikasema ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Akaniuliza kama baba yuko hai, nikasema hayuko. Babu? Hayuko. Akaniuliza kama namridhia kijana huyu. Nikasema namridhia.

"Basi niwakilishe, nimwozeshe kwa niaba yako, mashahidi wasikie."

Maneno nilikuwa nimeyasema peke yangu wiki nzima, juu ya karai. Nilimtazama mdogo wangu, amerudi kukaa, safari hii hakuinamisha kichwa. Nikasema: "Nimekuwakilisha, sheikh, umwozeshe ndugu yangu kwa kijana huyu, kwa mahari waliyokubaliana." Sauti ilitoka ndogo. Mashahidi wakasema wamesikia.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, kama yanavyokwenda siku zote yakishaanza. Hutuba, kushikana mikono, kukubali, dua. Sheikh alisema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba bibi harusi huyu ameozeshwa kwa idhini ya wali wake, kaka yake aliyeko Malindi. Bibi jirani akapiga vigelegele, na kule wanawake wakamjibu. Kwa kitambo kidogo nyumba yangu ilikuwa na kelele ya watu.

Halafu watu wakainuka wote kwa pamoja kupongezana. Mtu aliichukua kompyuta kutoka mezani akaiweka mahali, nikawa naona dari na taa ndefu. Nilisikia sahani, nikasikia mtu akiita watoto waje wapigwe picha. Niliendelea kukaa vizuri kwenye mkeka, kwa sababu sikujua kama nami bado naonekana.

Bibi akajinyanyua. "Alasiri yanipita. Na wewe ule pilau yako, usiiangalie tu."

"Chukua sahani, bibi."

"Nitamtuma mtu." Mlangoni akageuka. "Mamako amekuona leo." Akaenda zake.

Dari ilikaa muda mrefu. Kisha ikatikisika, uso wa mdogo wangu ukaja karibu sana, mtandio umemteleza.

"Kaka, ungali upo?"

"Nipo."

"Wananiita nje kwa picha. Nikifika nyumbani nitakupigia."

"Nenda. Usiwaweke watu."

"Umekula?"

"Nimekula," nikasema, "alhamdulillahi."

Akanitazama kwa namna niliyoona itanishinda upesi. Yeye ndiye aliyefundishwa jibu hilo, na ndiye aliyekuwa akilisema pamoja nami mlangoni, amening'inia kwenye kanzu yangu. Nyuma yake walikuwa wakimwita jina.

"Sijala," nikasema. "Nimepika, lakini sijala. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke."

Sikuwa nimekusudia kusema hivyo siku ya harusi yake. Alitia mkono kwenye kioo, nikaona mistari ya hina imekuwa mikubwa na ya ukungu.

"Pakua," akasema. "Pakua sasa hivi, nikuone. Picha zitangoja."

Nikaenda jikoni, nikarudi na sahani, nikaiweka mkekani mbele ya kopo la unga. Pilau ilikuwa imepoa na kushikana kidogo chini. Nikala, naye akiwa amesimama na nguo zake za harusi, anawaambia watu kwa mkono kwamba anakuja. Nilipofika nusu ya sahani yule mwanamume aliyetaja saa ya ukumbi akatokea, akasema saa imekwisha, samahani, wenye zamu wengine wako mlangoni. Mdogo wangu akafungua mdomo kuniambia kitu, na ukurasa ukawa wa buluu. Mwenyeji amefunga mkutano, uliandika.

Nilimaliza sahani kwanza, ndipo nikaishika simu kungoja anipigie.